Kilimanjaro: joto linapanda, msitu unashuka

Kanuni inayofundishwa kuhusu mimea ya milimani ni rahisi kueleweka. Kwa kila mita 100 mtu anazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzijoto 0.6 za Selsiasi. Kwa hiyo dunia ikizidi kupata joto, mmea utaufuata ubaridi wake juu zaidi. Ushahidi wa kanuni hii si haba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliolinganisha kumbukumbu za zamani na za sasa kutoka vilele 302 vya Ulaya, ulionyesha kwamba idadi ya spishi vileleni imeongezeka, na kwamba kasi ya ongezeko hilo imekua. Chimborazo, nchini Ekuador, ambako mwanasayansi wa Kijerumani Alexander von Humboldt aliweka kumbukumbu za mimea mwaka 1802, watafiti waliorudi mwaka 2012 walikadiria kuwa mimea imepanda zaidi ya mita 500. Wenzao walipozipekua upya kumbukumbu hizo mwaka 2019, walibaini kuwa takwimu nyingi za mimea ya juu zilikusanywa katika mlima mwingine, Antisana, na makadirio yakateremka hadi kati ya mita 215 na 266. Walichobishania ni kiasi. Kwamba mimea imepanda, hakuna aliyekana.

Kilimanjaro haikufuata kanuni hiyo. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Andreas Hemp, ambaye amefanya kazi mlimani hapo kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita. Kilichoushusha ni moto. Mvua imepungua, vipindi vya ukame vimekuwa vikali, na misitu ya erika, mti wa milimani, iliyokuwa ikistawi hata juu ya mita 3,000 imeungua mara kwa mara hadi sehemu kubwa yake ikageuka vichaka. Msitu huo haukuwa pambo tu. Majani yake membamba na likeni zilizoning'inia matawini kama ndevu vilikuwa vikinasa ukungu na kuudondosha ardhini kama maji, na vichaka vilivyobaki havina uwezo huo kwa kiwango kile. Dunia nzima huililia theluji ya Kibo kwa sababu inapigika picha vizuri. Hemp alisema wazi kwamba hasara ya msitu ni kubwa kuliko ya barafu, nami sioni sababu ya kumpinga.

Hata hivyo, kuna pingamizi linalostahili kusikilizwa. Moto wa mlimani kwa kawaida huwashwa na mtu: mrina asali anayefukiza nyuki, jangili, au mpishi asiyezima vizuri makaa yake. Kwa nini basi tuseme ni mabadiliko ya tabianchi? Jibu la kawaida ni kwamba warina asali wamekuwapo vizazi na vizazi, ilhali ukavu unaofanya cheche moja iteketeze mteremko mzima ndio uliobadilika. Jibu hilo lina nguvu, lakini halimalizi hoja, kwa kuwa idadi ya watu wanaoishi chini ya mlima na wanaoupanda nayo imeongezeka sana. Kwa maoni yangu ukame huandaa kuni na mkono wa mtu huleta kiberiti, na kumtafuta mkosaji mmoja ni kazi bure. Tofauti inaonekana katika tiba: mvua haiwezi kuamriwa na mhifadhi, moto unaweza kuzuiwa, na tangu ukanda wa msitu ulipoingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, wajibu huo una mwenyewe.

Wala si kila mmea unapoteza. Mimea ya uwanda wa wazi, ambayo kwa mujibu wa kanuni ingebanwa na msitu unaopanda, imepata nafasi pale msitu uliporudi nyuma. Lakini juu zaidi nafasi si kitu, kwa sababu kinachokosekana ni maji, na baridi ya usiku ni kali kiasi kwamba senesio wakubwa wa Kilimanjaro, mimea mirefu yenye shina nene, hujivika majani yao makavu kama koti kuzunguka shina. Katika kreta ya Kibo, kwenye mita 5,760, spishi moja ya helikrisumu, mmea mdogo wa maua, imewahi kupatikana karibu na tundu linalotoa mvuke wa volkano. Mmea ulifika kimo hicho kwa sababu ulipata mahali penye joto na unyevu kwa pamoja; joto peke yake lisingetosha.

Kwa hiyo anayepima hali ya Kilimanjaro kwa kuangalia kama mimea imepanda anatazama kipimo kisicho sahihi. Erika huchipua tena kutoka kwenye kisiki kilichoungua. La kuhesabu ni miaka inayopita kati ya moto mmoja na mwingine, na kama inatosha chipukizi hilo kuwa mti tena.