Barua Iko Wapi?

Jumapili iliyopita nilipita Kikuyu, hapahapa Dodoma, kumjulia hali baba mdogo, karani mstaafu wa masjala aliyetumia zaidi ya miaka thelathini akipokea barua, akizipa namba na kuzifunga kwenye majalada. Nilitaka kumwonyesha video ya dakika nne ambamo kijana mmoja anawauliza viongozi fidia ya mashamba yaliyopimwa viwanja imefikia wapi, kwa kuwa shamba la zabibu la baba mdogo mwenyewe lilikwenda kwa mtindo huohuo. Juzi yake nilikuwa nimeitazama hadi mwisho. Siku hiyo kioo kilikuwa cheusi, na katikati yalikuwapo maneno machache tu: video hii haipatikani katika nchi yako. Nikamtumia kiungo binti yake anayeishi Nairobi, naye akaifungua bila shida, akaweka simu yake nyingine karibu, nasi tukaisikiliza sauti ya kijana wa Dodoma ikitujia kutoka Kenya.

Baba mdogo hakukasirika. Aliuliza swali la kikarani: "Mwanangu, barua ya kuizuia iko wapi? Kumbukumbu namba ngapi, na nani kasaini?"

Sikuwa na jibu, na hasira yangu yote inatoka hapo.

Sisi wa Dodoma tunaishi kwa barua. Huwezi kumhamisha mtoto shule wala kufuatilia hati ya kiwanja bila barua ya mtendaji yenye muhuri, na muhuri ukififia unarudishwa ukagongewe mwingine. Katika mji huu, wenye Bunge na wizara zilizopangana pale Mtumba, sauti ya mwananchi inaweza kuondolewa masikioni mwetu bila mtu yeyote kutuonyesha hata nusu ukurasa. Kampuni yenye jukwaa, pale inapojisumbua kusema chochote, husema imetii ombi la kisheria. Ombi la nani? Kwa kifungu kipi? Nani alilalamika, na mwenye video alipewa siku ngapi za kujieleza? Mwizi wa kuku huulizwa zaidi ya hapo kabla ya kufungiwa mahabusu.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa neema. Januari 2016, TBC, televisheni ya taifa, ilipositisha kurusha Bunge moja kwa moja, waziri alisimama humuhumu Dodoma akataja gharama ya shilingi bilioni 4.2, nasi tukaibishia hesabu ile vijiweni kwa sababu ilikuwa na mwenyewe. Mwaka 2020 Kwanza TV ya mtandaoni ilifungiwa miezi 11. Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikasitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya magazeti ya Mwananchi kwa sababu ya video ya katuni iliyogusa habari za watu waliopotea. Nilizipinga adhabu zote mbili na ninazipinga hadi leo, lakini kila moja ilikuwa na tarehe na mamlaka iliyoitoa, kwa hiyo kilikuwapo kitu cha kukatia rufaa au walau cha kulalamikia ndani ya daladala. Hata Hong Kong, YouTube ilipozuia video 32 za wimbo wa waandamanaji mwezi Mei 2024, ilifuata amri ya mahakama ambayo ilizitaja video hizo. Sitamani mahakama ya namna hiyo. Ninachoonea wivu ni ile orodha.

Ninakubali, kwa shingo upande, kwamba zipo video zinazostahili kuondolewa upesi, hasa zinazodhalilisha watoto au kuchochea watu wauane. Nakubali pia kwamba Google huchapisha hesabu za maombi ya serikali mbalimbali. Ahsante kwa hesabu. Baba mdogo angeletewa masjalani idadi ya barua bila barua zenyewe, angeomba uhamisho siku hiyohiyo.

Wapo watakaonishauri nitumie VPN, programu inayoifanya simu ionekane iko nchi nyingine. TCRA ilikwisha kututaka mwaka 2023 tuzitolee taarifa, yaani nijaze fomu ili nimtazame jirani yangu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa, VPN yenyewe isingesaidia.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zilimpa mwenye leseni saa 2 za kuondoa alichoamriwa kukiondoa. Katika ofisi ninazozijua mimi, saa 2 hazitoshi barua kushuka kutoka ghorofa ya pili hadi mapokezi. Kama amri inaweza kukimbia kiasi hicho, nakala yake nayo ikimbie: ibandikwe palepale kwenye kioo cheusi, ikiwa na jina la mamlaka, kifungu, tarehe na sahihi.

Nilipoaga, baba mdogo alikuwa ameshavuta kauntabuku lake kutoka chini ya mto. Aliniomba nimsomee kile kiungo herufi kwa herufi, akakinakili kwa mwandiko wake wa kulalia kulia, akaandika tarehe ya siku ile, na penye kumbukumbu namba akapiga mstari kwa rula, akauacha wazi.