Kariakoo Inalala Mizigo

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakaa Kariakoo, hakuulizi mtaa gani. Anakuuliza, "Fremu yako iko upande gani?" Unamjibu huna fremu. "Aa, kumbe una stoo." Huna stoo. "Sasa unauzia wapi?" Siuzi kitu, ndugu yangu, nakaa! Nina kitanda, nina chandarua, nina mke, nina pipa la maji uani. Hapo anakutazama kwa huruma, kana kwamba umemwambia unalala bandarini ndani ya kontena.

Mimi wa kumlaumu namjua, ni Mjerumani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza huku kulikuwa shamba la mzungu. Serikali ya Kijerumani ikalichukua, ikachora mitaa iliyonyooka, ikapanga Waafrika wasogezwe huku ili upepo wa baharini ubaki wa wenyewe. Soko likaanza kujengwa, vita ikaingia. Septemba 1916 Mwingereza akaiteka Dar es Salaam, akakuta kuna paa na uwanja mtupu, akawajaza humo wapagazi wa jeshi lake, kikosi cha Carrier Corps. Wazee wetu hawakuwa na muda wa kupinda ulimi. Wakasema Kariakoo, ikapita.

Uone sasa mkosi ulikoanzia. Watu wa kwanza kulala hapa kwa wingi walikuwa wabeba mizigo. Katika vita ile wapagazi walikufa makumi ya maelfu, na maradhi na njaa viliwamaliza wengi kuliko risasi. Mwaka 1927 askari akapewa sanamu yake pale mjini, bunduki mkononi. Mpagazi hakupewa sanamu, akapewa sisi. Na mpaka leo nikifungua mlango alfajiri, wa kwanza kunisalimu ni kuli mwenye robota kichwani, na salamu yenyewe ni, "Pisha! Pisha mzee, utaumia!"

Hata mitaa ilipewa majina ya ugomvi. Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti, yote ni mapigano ya mwaka 1917 kule Kusini, wazungu walipotwangana kwa kutumia miili ya watu wetu. Mahiwa walipigana siku nne, wakachoka, wakaacha. Guta na bajaji kwenye kona ya kwetu hawajachoka. Halafu kuna Mtaa wa Sikukuu. Huo nao ni mkesha wa Idi mwaka mzima, ila Idi yenyewe haifiki.

Mwaka 1924 Mwingereza akaukata mji mapande matatu: Uzunguni ufukweni, Uhindini kwenye maduka, Uswahilini huku kwetu. Mnazi Mmoja ikaachwa wazi katikati, eti ili mbu wetu na homa zetu zisivuke kwenda kwa wakubwa. Leo nakaa barazani nacheka peke yangu. Watu wa Masaki wanavuka Mnazi Mmoja kwa miguu yao wenyewe, magari wameyaacha mbali kwa kukosa pa kuegesha, wanakuja kubanana na sisi kwapa kwa kwapa wakitafuta pazia la bei ya jumla. Hakuna anayeuliza habari za mbu.

Lakini Kariakoo ile ya zamani ilikuwa na watu, wallahi. Nyumba ya Kiswahili vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati, baraza mbele, jiko na msala uani. Chumba hiki Mzaramo, kile Mndengereko, cha tatu Mnyamwezi, na hapo ndipo raha ilipokuwa, maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Ndoo ikipotea, inatafutwa kwa matusi ya kuchekesha mpaka mwizi mwenyewe anairudisha kwa kushindwa kujizuia kucheka. Nyumba ya pili Warufiji. Nyumba ya tatu Wamanyema, asili yao Kongo. Damu ya Kizulu nayo ilikuwepo: baba yake Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa chama cha African Association, aliletwa na Wissmann, ofisa wa Kijerumani, kutoka Msumbiji kuja kumpigania huyohuyo Mjerumani, na ukoo ukawa wa hapahapa. Ukitaka kujua kabila la mtu unasikiliza anavyomgombeza mtoto. Kiswahili kinatangulia, hasira ikipanda inatoka lugha ya mama.

Na watu hao hawakukaa bure. African Association ilianzishwa 1929, na katika jengo lake hapa mtaani, Julai 7, 1954, ikazaliwa TANU. Mtaa ule ulikuwa New Street, leo Lumumba. Waasisi walikuwa 17. Najiuliza ingekuwa leo. Watu 17 wasimame pamoja ukingoni mwa barabara Kariakoo! Kabla Nyerere hajafungua mdomo, winga, yule kijana wa kuvuta wateja, ameshafika: "Karibuni wakubwa, mnataka jumla? Mko wengi, mtapunguziwa." Katibu anatafuta kalamu, anauziwa dazeni. Mkoloni angekuwa bado yupo, na sisi tuna kalamu nyingi.

Mpira sitaki kuusema sana. Yanga ya 1935 imekaa upande wa Jangwani, Simba ya 1936 imekaa Msimbazi, mimi nimekaa katikati yao. Wanapocheza wenyewe kwa wenyewe, kila mtu mjini anajua timu atakayoishangilia. Mimi naomba sare, na isiwe na magoli.

Halafu likaja soko jipya, lile la Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu, lenye paa la miavuli ya zege na shimo chini ambalo tunaliita Shimoni. Mwalimu alilifungua mwaka 1975. Nalisifu kabisa, ni jengo zuri, hata moto wa Julai 2021 ulipoliunguza tulisimama nje usiku ule roho zinatuuma. Ila tangu siku lilipofunguliwa, Tanzania nzima ikajua pa kwenda. Miaka ya themanini biashara zikaachiwa, mitumba ikamwagika, na baada ya hapo maghorofa yakaanza kuota.

Hapo ndipo majirani zangu walipoisha. Hawakufa wote, waligawana. Mzee anafariki, anaacha vyumba sita na warithi wasiohesabika, kila mrithi na wakili wake wa barazani. Dalali anakaa kwenye matanga kuliko shehe. Arobaini haijasomwa, kiwanja kimeshapimwa. Nyumba inauzwa, mmoja anakwenda Mbagala, mwingine Chanika, mwingine Gongo la Mboto, na mdogo wao anakula sehemu yake palepale hapa mtaani, anarudi kuomba nauli. Mwaka wa pili panasimama ghorofa. Chini fremu, juu fremu, juu yake stoo, juu ya stoo stoo nyingine. Wanaliita makazi na biashara. Makazi ya nani? Ya mabegi!

Tangu ghorofa lilipoporomoka hapa Novemba 2024 na kuua watu, nikisikia nyundo inagonga chini ya jengo la jirani mke wangu hunishika mkono. Hilo sina utani nalo.

Ukiniuliza leo majirani zangu ni nani, nitakujibu kwa bidhaa. Kushoto mapazia, Mkinga wa Makete, kijana mpole, hajawahi kupunguza hata mia. Kulia vyombo vya plastiki, Mpemba, huyo anapunguza ila anakusimulia shida zake mpaka unamrudishia punguzo. Mbele Mangi, Mchaga wetu. Juu ya Mangi walikuwa Wachina, na mmoja alijua Kiswahili cha soko kuliko mwanangu. Siku hizi simwoni, maana mwaka 2025 Serikali iliwakataza wageni biashara za aina 15, za rejareja zikiwemo. Wateja ndio usiseme: Mkongo wa Lubumbashi, Mzambia, Mmalawi, Mkomoro anayenunua kila kitu cha dhahabu hata kama ni cha bati. Watu wote hao nawajua, wananijua, tunasalimiana vizuri. Saa moja jioni wanashusha vyuma, kila mmoja anakwenda kwao. Mchana nina majirani wa nchi tano. Usiku nina paka.

Mambo hayo yalimchanganya hata karani wa sensa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu waliolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Karani akaja, binti mwenye adabu, shikamoo nyingi, kishikwambi mkononi. Akanihesabu mimi, akamhesabu mama watoto, akauliza jirani yupo? Nikamwambia jirani ni maturubai. Upande wa pili? Masufuria. Ghorofani? Nguo za watoto, ila watoto wenyewe hamna. Akamwona mlinzi wa jengo la mbele. "Na yule baba alilala hapa?" Nikamwambia, "Mwanangu, yule akisema alilala atafukuzwa kazi." Binti akaandika, akafuta, akaandika tena. Kati yangu na wewe, alilala. Alikoroma mpaka mashuka yakasikia.

Jumla ya mkoa ikatoka watu 5,383,728. Nakubali. Lakini hesabu ya usiku kwa Kariakoo ni dhulma! Wanatuhesabu wakati tumebaki wachache, halafu huduma wanapanga kwa wachache, halafu asubuhi mji mzima unakuja kujisaidia haja ndogo kwenye ukuta wangu. Waje watuhesabu saa saba mchana siku ya Jumamosi ya mwisho wa Ramadhani, waone kama karani atatoka na kishikwambi.

Usidhani wanaonisumbua ni wageni tu. Ndugu ndio balaa. Ukoo wote unajua kwamba mimi nakaa Kariakoo, na kila mtu anaamini mimi ni tawi lake la manunuzi. Simu inalia, "Shikamoo mjomba, mnaendeleaje?" Marahaba, hatujambo. Hapo nahesabu moyoni: moja, mbili... "Mjomba, hebu niulizie bei ya vitenge vya sare, pea arobaini." Kamati za harusi nimekaa nyingi kuliko mashehe, na kadi yangu kila mara inakuwa "mmoja" wakati vitenge nimevibeba mimi. Shangazi yake mke wangu yuko Kilosa, hajawahi kuulizia afya yangu tangu nioe. Akikaribia Idi anakuwa daktari: "Mwanangu unakula vizuri? Basi nenda pale, kuna viatu vya watoto..." Na nikimpelekea bei, anasema nimeibiwa, sijui soko. Mimi! Niliyezaliwa mita chache kutoka sokoni! Wageni wakija kunitembelea, wananitembelea na mzigo. Wanakunywa chai nusu kikombe, "Mjomba, naweka hapa nazunguka kidogo." Wanazunguka mpaka jioni. Kitanda changu kimewahi kulaliwa na feni za dari mimi nikalala barazani nikizilinda.

Barazani kwenyewe sina mamlaka. Machinga ametandika. Mwaka 2021 jiji liliwahamisha, nikafurahi, nikatoa mkeka wangu na kikombe cha kahawa, nikakaa kama babu yangu alivyokaa. Kabla kahawa haijapoa mama mmoja akasimama: "Mkeka huu bei gani?" Nikamwambia siuzi. Akadhani napandisha bei. Akaongeza. Nikakataa. Akaongeza tena, na hapo sauti ya mke wangu ikasikika kutoka dirishani: "Wewe, unamkatalia nini?" Mkeka ukauzwa. Machinga wakarudi pole pole, wakakuta nimekaa sakafuni.

Na mimi nikitaka kununua kitu changu, mtihani. Soksi jozi moja: "Mzee, hapa dazeni." Sindano moja: "Kuna boksi." Dar es Salaam nzima inakuja kununua mlangoni kwangu, mimi napanda daladala kwenda Ilala kutafuta duka la kuniuzia nyanya mbili na kiberiti.

Usiku ndio ulikuwa wangu. Nasema ulikuwa. Saa tatu usiku mtaa unatulia, unaona kumbe una lami, unaona kumbe umenyooka kama Mjerumani alivyouchora, unatembea katikati ya barabara mikono nyuma, mwenye mji. Mwaka 2025 wakazindua biashara ya saa 24. Wakaja na taa, na muziki, na hotuba. Siku hizi saa nane usiku spika inatangaza chini ya dirisha langu, "Elfu mbili, elfu mbili, chagua chagua elfu mbili!" Nani ananunua beseni saa nane usiku? Nikatoka kuuliza. Nikakuta foleni.

Dalali ananiambia niuze. Ananionyesha tarakimu kwenye simu, sifuri zinaingia hadi pembeni. Nihamie Kigamboni, anasema, kuna hewa, kuna ukimya, nitafuga kuku. Kuku nitawauzia nani? Na nikikaa Kigamboni si ndipo nitakuwa nakuja Kariakoo kila siku na mimi?

Juzi nimetoka kuswali magharibi, nimekuta wameninginiza magauni kutoka kona mpaka kona, na maboksi yamepangwa mpaka usawa wa paa. Nyumba siioni. Nazunguka, napapasa ukuta, nasogeza magauni. Winga akanidaka mkono, kijana mchangamfu, mgeni kwenye kona hiyo. "Shikamoo mzee, karibu sana, unatafuta nini nikusaidie?"

"Marahaba. Natafuta mlango wangu."

"Wa aluminiamu au wa mbao?"