Nimekutajia ugonjwa, sijakufungulia utoto wangu

Daftari langu la vipimo lina miandiko mitatu, na yote mitatu ni ya mkono wangu. Nashona nguo Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na soko la Mwaloni. Kwa miaka mingi wateja walikuja kujaribu magauni ambayo sikumbuki kuyapima wala kuyakata. Nilisingizia uchovu, kisha nikafungua daftari kimyakimya nijue nimeahidi nini.

Siku hizi nawaambia: nina ugonjwa wa nafsi kugawanyika. Ndani yangu tupo zaidi ya mmoja, na akishika usukani mmoja, mwingine anaweza asijue kilichofanyika. Zamani madaktari waliuita ugonjwa wa nafsi nyingi. Mwaka 1994 Wamarekani walibadilisha jina hilo katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili, na mimi nawashukuru, kwa sababu tatizo langu si nafsi kuzidi. Ni ile moja kukosa nafasi ya kukamilika. Mara nyingi chanzo ni mateso makali yanayojirudia utotoni. Akili huyafungia maumivu chumba cha uani ili mtoto aamke asubuhi aende shule.

Hapa kwetu jibu la kwanza ni pepo. Nimeombewa, nimefukizwa, nimevushwa kwa kivuko cha Kamanga kwenda kwa mganga. Siwalaumu walionipeleka, walijinyima wakatoa nauli kwa kunipenda. Lakini kuna tofauti naomba ieleweke. Hata orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, inautenga ugonjwa wangu na hali ya kupagawa. Aliyepagawa huhisi ameingiliwa na kitu cha nje. Wangu hawakutoka nje, wamezaliwa humuhumu. Ukimkemea mmoja wao kwa sauti kali atoke, unamkemea mtoto wa miaka sita aliyejificha akisubiri kelele ziishe.

Dawa ya kuutibu ugonjwa wenyewe haipo. Vidonge husaidia usingizi na huzuni, lakini tiba hasa ni mazungumzo na mtaalamu, na huchukua miaka.

Kinachonichosha zaidi ya pepo ni swali. Mteja anakaa, kitenge mapajani, anashusha sauti: "Pole dada. Kwani nani alikufanya nini?" Anauliza kwa huruma, najua. Ila swali hilo linanipotezea mchana mzima. Macho yanaona giza, na nikirudi jua limeshazama ziwani, na kitambaa kimekatwa na mtu mwingine ndani yangu. Niliamua kuutaja ugonjwa ili nisaidiwe kuishi nao. Habari za aliyenitesa nitazisema siku nitakayotaka, kwa mtu nitakayemchagua, na huenda asiwe wewe. Kuishi kwa uwazi hakuna maana kwamba kila anayepita ana haki ya kuingia hadi chumbani.

Msaada ninaouhitaji ni mdogo. Wateja wangu sasa wanasaini pembeni ya vipimo vyao, na hakuna aliyegoma. Jirani yangu, mama anayeuza dagaa, hajawahi kuniuliza lolote. Akiniona nimesimama mlangoni naangalia barabara kama mgeni, anaacha beseni lake, anakuja kunishika kiwiko.

"Leo Alhamisi, fundi. Gauni la yule wa Buhongwa ulishalipiga pasi. Umekula?"