Mafunzo ya kilimo visiwani yaanzie kisimani

Mitaala mingi ya kilimo endelevu inayopelekwa visiwa vidogo iliandikwa kwa ajili ya bara, kisha ikabadilishwa jalada. Mkulima anafundishwa kumwaga chokaa au majivu kupunguza tindikali, ilhali shamba lake ni mchanga wa matumbawe wenye pH (kipimo cha tindikali) inayopita 8, yaani hauna tindikali ya kupunguzwa. Majivu hapo yanaongeza balaa: madini ya chuma, manganisi na zinki yanafungwa ardhini, mizizi haiyapati, na majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Mkufunzi mgeni anaona manjano, anadhani ni upungufu wa naitrojeni (ambao kwa kawaida huanzia majani ya chini, yaliyozeeka), anaagiza urea. Mimea haiponi, na naitreti, naitrojeni ya urea iliyoyeyuka, inazama hadi kwenye maji ya kunywa.

Kwa hiyo msimamo wetu ni kwamba somo la kwanza liwe kisima. Mbegu na mbolea vifuate baadaye. Kwenye kisiwa cha mchanga, maji baridi (yasiyo na chumvi) ya ardhini yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa kanuni ya vitabuni, kila mita 1 ya maji hayo iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi chini yake. Igeuze hesabu hiyo uone hatari yake: ukishusha uso wa maji kwa sentimita 10, chumvi inaweza kupanda mita 4. Pampu yenye nguvu kwenye kisima kimoja kirefu inaivuta chumvi moja kwa moja mpaka mdomoni mwake, na kisima kikishaharibika hivyo huchukua muda mrefu kupona. Afadhali visima vifupi kadhaa, au bomba lenye matundu lililolazwa chini kidogo ya uso wa maji, pampu ndogo ivute polepole kwa saa nyingi.

Kila mwanafunzi ashike kipima chumvi mwenyewe. Chini ya 0.7 dS/m (kizio cha chumvi kinachosomwa kwenye kipima hicho), mwagilia bila wasiwasi. Kati ya 0.7 na 3, chagua zao: maharage huumia mapema, mahindi huvumilia kidogo zaidi. Juu ya 3, acha kumwagilia mazao ya kawaida. Vipimo vichukuliwe katika hali ileile ya bahari, ama maji yamejaa ama yamekupwa, la sivyo utalinganisha kujaa na kupwa kwa bahari badala ya kisima.

Mchanga huo haushiki maji wala virutubisho, hivyo mboji ndiyo udongo wenyewe. Rundo lisipungue mita 1 kila upande. Ndoo tatu za makavu kwa moja ya majani mabichi au samadi. Ukifinya konzi moja litoke tone au mawili. Joto lifike nyuzi 55 hadi 65, kisha geuza. Hapo ndipo mafunzo ya bara huishia, na visiwani ndipo hatari inapoanzia. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, hutaga mayai kwenye mboji na magogo yanayooza. Tangu aina ya Asia igunduliwe Guam, kisiwa cha Pasifiki, mwaka 2007, minazi mingi ya huko imekufa. Rundo lililosahaulika miezi sita ni kitalu cha chonga. Geuza kila wiki mbili, okota viluwiluwi vyeupe, funika kwa wavu mwembamba, na mboji itumike ndani ya miezi mitatu. Magogo ya minazi iliyokufa yasiachwe shambani.

Bioanuwai nayo haistahili kuwa kipindi cha mwisho cha mchana chenye picha za ndege. Mwaka 1977, kisiwa cha Moorea, jirani na Tahiti katika Pasifiki, kilipokea konokono mla-konokono ili amle konokono mkubwa kutoka Afrika Mashariki aliyekuwa akiharibu mazao. Mgeni huyo akawageukia Partula, konokono wadogo wa miti wa kisiwa hicho, na miaka kumi baadaye karibu wote walikuwa wametoweka porini. Uamuzi ule ulikuwa wa kilimo. Anayefundisha udhibiti wa wadudu kwa kutumia wadudu bila kutaja Moorea anafundisha nusu.

Hivyo bandari ni sehemu ya shamba. Miche ya vyungu ikishushwa, iwekwe kando. Vijiti vilivyopakwa siagi ya karanga viachwe kati ya vyungu kwa saa moja, vikaguliwe kama vina sisimizi wa moto. Ukiondoa kusubiri, ni kazi ya dakika chache. Kumwondoa sisimizi huyo akishaenea huchukua miaka, pale inapowezekana.

Samoa ilionja upande mwingine wa jambo hili mwaka 1993: bakajani, ugonjwa wa majani ya magimbi, iliingia nchi hiyo ya visiwa iliyopanda karibu aina moja tu, ile iliyopendwa na wanunuzi wa nje, na mauzo yakaporomoka ndani ya mwaka. Tiba ilitoka kwenye aina nyingine, zikiwemo za Asia, zilizochanganywa na za kienyeji. Kila mkulima anayefundishwa aweke angalau aina tatu, na mbegu ngeni ije kama miche ya maabara, si magimbi yenye udongo.

Miti ya asili ya ufukweni ibaki. Ukanda unaopitisha karibu nusu ya upepo hukinga shamba umbali wa takribani mara kumi ya kimo chake. Ukuta mzito huzua kimbunga kidogo nyuma yake.

Kuhusu muundo, warsha ya siku tatu hotelini ifutwe. Shamba darasa, lililoanza Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, lina watu 20 hadi 25 wanaokutana kila wiki kwa msimu mzima, na vipande viwili vya shamba vya kulinganisha. Wafadhili hulalamika kwamba ni ghali kumweka mkufunzi kisiwani miezi minne. Basi wamfundishe mkazi, wamwachie kipima chumvi na daftari la visima, na cheti kitolewe mwaka unaofuata baada ya daftari hilo kukaguliwa.