Ubunifu bila pesa ya korosho ni wa nani?

Jamani naomba tuongee hili la ubunifu kwa maendeleo, maana huku Mtwara kila mradi ukija unakuja na aplikesheni yake na semina hotelini, halafu ukiuliza nani kasema hili ndo tatizo letu hupati jibu.

Angalieni korosho. Miaka ya 70 nchi ilianza kujengewa viwanda 12 vya kubangua, mkopo wa Benki ya Dunia, mashine za Italia na Japan, mambo makubwa kweli kwa wakati ule, ila vinakamilika korosho yenyewe imeshaanguka kutoka tani kama 145,000 za msimu wa 1973/74, watu walishahamishiwa vijiji vya ujamaa mikorosho ikabaki porini, bei ya mkulima ndogo, na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, nao ukaingia. Vingi vikaishia kuwa maghala, na mkopo ukabaki wa kulipa.

Sasa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapo nje kidogo tu ya mji wa Mtwara, watafiti wake walianza na ugonjwa uliokuwa unamtesa mkulima. Salfa ya kupulizia, mbegu bora, kubebesha mikorosho mizee vikonyo vya aina bora. Msimu wa 2017/18 nchi ikavuna zaidi ya tani 300,000!

Na pesa ya pembejeo na utafiti ilikuwa inatoka kwenye korosho hiyohiyo, ile eksport levi, yaani ushuru wa korosho ghafi inayouzwa nje, asilimia 65 ilikuwa inarudi kwenye zao. 2018 sheria ikabadilishwa yote ikaenda mfuko mkuu wa serikali, wabunge wa kusini walipiga kelele bungeni lakini ikapita. Hapo ndo siasa ya ubunifu ilipo wandugu, kwenye nani anashika hela na nani anachagua tatizo.

Sipingi teknolojia. Mnada wa mtandaoni wa TMX, soko la bidhaa Tanzania, mi nauunga mkono kabisa. Lakini pale inauzwa korosho ghafi, nyingi inaenda India na Vietnam kubanguliwa, wakati huku kwetu mama anayebangua kwa mkono mafuta ya ganda yanamuunguza vidole, na mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanaoza shambani kila msimu. Huyo mama nani amemuuliza anataka kifaa gani?

Mi nataka sehemu ya levi ya zao ilindwe kisheria, isitegemee huruma ya waziri aliyepo, na wakulima wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya msingi, pamoja na wabanguaji wawe na kura pale inapoamuliwa utafiti gani upewe hela mwaka huo.