Kijito cha Missouri kina tarehe, Shinkolobwe haina

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp mtu katuma picha ya wanaume wenye ovaroli nyeupe, wamechuchumaa ukingoni mwa kijito, vipimo mkononi. Chini kaandika: "Wenzetu wanafua udongo!" Tukacheka. Nikacheka na mimi, mpaka niliposoma ni kijito gani.

Ni Coldwater Creek, St. Louis, jimbo la Missouri. Na uchafu unaotolewa pale, sehemu yake ilitoka Katanga, Kongo, kwenye mgodi wa Shinkolobwe karibu na Likasi. Kuanzia 1942 kiwanda kimoja cha St. Louis kilichakata urani ya kule kwa ajili ya mabomu ya kwanza ya atomiki. Masalia yakarundikwa wazi karibu na uwanja wa ndege, mvua na upepo vikayateremsha kwenye kijito ambacho watoto wa mitaa ile walichezea. Mwaka 1973 tani 8,700 za masalia hayo zikachanganywa na tani 39,000 za udongo, zikatandazwa kwenye jalala la West Lake kama mtu anayefukia maganda ya ndizi.

Sasa wahandisi wa jeshi wanapima, wanachimba, wanapakia kwenye mabehewa na kupeleka mbali, hadi Idaho. Kazi ya kijito inatarajiwa kuisha 2038.

Neno "kusafisha" ndilo linaloniudhi. Bibi yangu Tabora alikuwa na uwanja msafi kuliko wote mtaani. Takataka zake zilikuwa ng'ambo ya ua, kwa jirani. Mionzi haifi kwa jembe wala kwa sabuni. Japani wamekwangua udongo wa juu kule Fukushima, kulikotokea ajali ya kinu cha nyuklia 2011, sentimita 5 hivi, wakapata mita za ujazo zipatazo milioni 14, na sheria yao inataka zihamishwe nje ya mkoa ule ifikapo 2045. Walipotaka kujaribu kutumia kiasi kidogo tu cha udongo huo kwenye bustani moja ya Tokyo, wakazi wakaja juu. Afadhali wao: sesiamu yao, kile chenye mionzi kwenye udongo ule, hupungua nusu kila baada ya miaka 30. Kule West Lake kuna thoriamu, inayogeuka polepole kuwa radiamu yenye mionzi mikali zaidi, kwa hiyo jalala litazidi kuwa kali kwa maelfu ya miaka. Anayesema "tusubiri, itaisha yenyewe" ajue hilo.

Haya, nakubali shingo upande: kuhamisha nako kuna maana. Udongo uliofungiwa mahali pakavu, mbali na watu, si sawa na udongo ulio chini ya bembea za watoto. Na wale wa St. Louis nao wamezungushwa miongo kadhaa. Sheria ya Marekani ya kuwafidia walioathiriwa na mionzi imewakumbuka 2025.

Lakini wamekumbukwa. Wana ramani, wana mwaka wa kumaliza, wana wa kumlalamikia.

Shinkolobwe je? Mashimo yalizibwa kwa zege mwaka 1960. Baadaye wachimbaji wadogo wakarudi kwa maelfu, na sururu, kutafuta kobalti kwenye udongo ule ule. Januari 2004 amri ya rais ikafunga eneo. Julai mgodi ukaporomoka, ukaua. Kisha makazi yao yakabomolewa. Huo ndio usafi wetu: watu wamefagiliwa, udongo umebaki. St. Louis wanapima kijito hatua kwa hatua kwa sababu ya masalia yaliyovuka bahari, na pale yalipochimbwa dawa ni kukataza kuingia!

Mkurugenzi wa kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi, Edgar Sengier, alivishwa nishani na Marekani mwaka 1946. Waliochambua yale mawe kwa mikono hawakuvishwa hata glavu.

Wabelgiji walifaidi, Wamarekani walifaidi. Wachangie. Wanajua kupima, wanajua kuchimba, wana mabehewa. Wasituambie ni ngumu. Ngumu wanaifanya Missouri kila siku.

Nikarudi kundini nikaandika: "Huo udongo ni wa Likasi." Wawili wakajibu kwa vikatuni vya kucheka. Binamu yangu, dereva wa malori ya Kongo, akauliza: "Likasi hii hii ninayolala nikipeleka mzigo Kolwezi?"

Nikamwambia ndiyo, hiyo hiyo.