777 si dawa

Kila anayeanza Linux atampata mtu wa kumpa ushauri huu: ukikuta "Permission denied" unaposakinisha programu, piga `sudo chmod -R 777 /usr`, endelea na mambo yako. Yaani, kwa kutumia sudo (amri inayokupa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine), unampa kila mtu ruhusa ya kusoma, kuandika na kuendesha kila kitu ndani ya /usr, folda ya programu za mfumo. Naomba tuache kupeana amri hii.

Folda itafunguka, sikatai. Lakini angalia `ls -l /usr/bin/sudo` kabla hujaipiga. Utaona `-rwsr-xr-x`. Hiyo `s` ndiyo inayoifanya sudo iendeshwe kwa mamlaka ya root hata ukiiita wewe mtumiaji wa kawaida, na 777 inaifuta. Ukiita sudo tena inagoma: "must be owned by uid 0 and have the setuid bit set". Sasa utairekebisha sudo kwa kutumia nini? Kwenye Ubuntu akaunti ya root huja imefungwa, kwa hiyo wengi huishia kuwasha mashine kwa flashi.

Ujumbe wa kosa wenyewe huwa umeshataja folda yenye tatizo, ila hatuusomi. npm, kisakinishi cha vifurushi vya JavaScript, ikisema EACCES (ruhusa imekataliwa) kisha `/usr/local/lib/node_modules`, maana yake inataka kuandika mahali pa root. Ihamishie kwako: `npm config set prefix ~/.local` (`~` ni folda yako ya nyumbani), halafu hakikisha `~/.local/bin` imo kwenye PATH, orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta amri. Kuikimbilia sudo ni kuipa npm mamlaka ya mashine nzima. Februari 2018, toleo 5.7.0 la npm lilikuwa na hitilafu: walioliendesha kwa sudo, baadhi yao walikuta umiliki wa mafaili ya /etc na /usr umebadilika.

Kwa Python, Debian 12 (aina mojawapo ya Linux) ya mwaka 2023 iliamua kukataa pip, kisakinishi cha maktaba za Python, isiandike kwenye Python ya mfumo. Pip inakujibu "externally-managed-environment" hata ukiwa na sudo. Watu walinung'unika sana. Mimi naona walichelewa, kwa sababu Python hiyohiyo inategemewa na programu za mfumo. Tengeneza venv, yaani mazingira ya Python yaliyo kando na ya mfumo, `python3 -m venv ~/kazi`, kisha `~/kazi/bin/pip install` chochote utakacho bila kuombwa nywila. (Ikidai ensurepip haipo, sakinisha python3-venv kwa apt, kisakinishi cha Debian. Hapo sudo ni halali yake.)

Kama ulishatumia sudo zamani na sasa npm inalalamikia mafaili yaliyo ndani ya `~/.npm`, hayo ni yako, yachukue: `sudo chown -R $USER ~/.npm`. Usiongeze folda nyingine kwenye amri hiyo.